Kwa Nini Mpwa Wangu Hakuweza Kusema Hapana?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Ninakuandikia kutoka kijiji kimoja cha pwani, kaskazini mwa mji wa Tanga. Nimemlea mpwa wangu tangu alipofiwa na baba yake akiwa na miaka saba. Sasa ana miaka 19, amesoma madrasa mpaka akahitimu, na hana ugomvi na mtu. Mwaka huu aliingia baharini pamoja na vijana wenzake chini ya nahodha anayeheshimika. Wiki za mwanzo walivua kwa mishipi na nyavu. Baadaye nikasikia kwamba wanapiga baruti, na yeye ndiye anayepiga mbizi kuokota samaki. Nilipomkalisha chini alilia. Alisema siku ya kwanza alijua kuwa ni kosa, lakini nahodha alikuwa mtulivu, wenzake walikuwa watulivu, isipokuwa mmoja tu aliyeinamisha kichwa akitazama maji ya ngama, naye akashindwa kufungua mdomo. Wazee wengine wananishauri nimtangaze msikitini baada ya sala ya Ijumaa ili apate haya. Je, ni kasoro ya malezi yangu, ni udhaifu wa imani yake, au kuna jambo jingine? Nifanye nini?"

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na jambo lililonikaa moyoni ni la yule kijana aliyeinamisha kichwa. Nitalirudia mwishoni, kwa sababu naamini sehemu kubwa ya jibu lako imo humo.

Nianze na malezi, maana naona ndiyo yanayokunyima usingizi. Kijana asiye na malezi halii anapoulizwa, wala hakumbuki kwamba siku ya kwanza alijua kuwa anakosea. Mpwa wako alijua. Jambo la kuulizwa ni jinsi mtu anayejua anavyoweza kutenda kinyume cha anachokijua pasipo kutishwa kwa kisu wala kwa fimbo, na hilo ndilo ambalo taaluma yetu, saikolojia ya jamii, imelichunguza kwa zaidi ya miaka 80.

Mwaka 1951 mtafiti Solomon Asch wa Marekani alichapisha matokeo ya jaribio rahisi sana kulieleza. Aliwakusanya wanafunzi wa chuo katika vikundi, akawaonyesha mstari mmoja, kisha mistari mitatu ya urefu tofauti, akawataka waseme kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, ni upi kati ya ile mitatu unaolingana na ule wa kwanza. Jibu lilikuwa wazi kabisa, na waliojibu peke yao hawakukosea ila kwa nadra mno. Lakini katika kila kikundi mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa mjaribiwa wa kweli, na wenzake wote walikuwa wamepangwa na mtafiti watoe jibu moja lililo kosa katika mizunguko 12 kati ya 18. Katika majaribio hayo na yale yaliyoyafuata, takriban theluthi moja ya majibu ya wajaribiwa katika mizunguko hiyo yalifuata kosa la kundi, na robo tatu ya wajaribiwa waliyumba angalau mara moja. Asch alipowahoji, aligundua kwamba waliolifuata kundi hawakuwa wa namna moja. Wachache sana walisema macho yao yaliona hivyo. Wengi zaidi walidhani kwamba huenda kasoro iko kwao wenyewe, na wengine walijua fika kwamba kundi limepotea, ila hawakutaka kuwa yule mmoja wa ajabu mbele ya watu.

Hapo pana nguvu mbili ambazo inafaa kuzitenganisha, kama walivyofanya Morton Deutsch na Harold Gerard mwaka 1955. Ya kwanza ni haja ya kujua ukweli: ninapokuwa sina hakika, natazama wenzangu wanafanya nini. Ya pili ni haja ya kukubaliwa: hata ninapokuwa na hakika, naogopa kutengwa. Chomboni nguvu hizi mbili zilimpata mpwa wako kwa pamoja. Kijana anayejifunza bahari hana kitabu cha kufungua. Upepo umegeuka au la, mkondo unavuta wapi, mwamba umejificha wapi, yote hayo huyasoma katika nyuso za waliomtangulia, na asipofanya hivyo atakufa maji. Kwa wiki kadhaa alijizoeza kuuamini utulivu wa wenzake kuliko hofu yake mwenyewe, na mazoea hayo yalikuwa ya haki na ya lazima. Ilipofika siku ya baruti, hofu yake ilisema jambo moja na utulivu wa wenzake ukasema jingine, naye akafuata kipimo kilekile kilichokuwa kimemwokoa mpaka siku hiyo.

Ubaya ni kwamba utulivu wa kundi mara nyingi ni wa juujuu. Mwaka 1968 Bibb Latané na John Darley waliwaweka watu katika chumba cha kusubiri, kisha moshi ukaanza kuingia kupitia tundu la ukutani. Waliokuwa peke yao, robo tatu yao walitoka kwenda kutoa taarifa. Waliokaa na watu wawili waliopangwa wajifanye hawaoni kitu, ni mmoja tu kati ya kumi aliyetoka, huku wengine wakipangusa macho na kukohoa ndani ya moshi. Hata walipokuwa watatu, wote wageni, wasiopangwa na mtu, mara nyingi kila mmoja alificha wasiwasi wake, akatazama nyuso za wenzake waliokuwa nao wanaficha wao, akahitimisha kwamba hakuna hatari.

Jambo hili nimelionja. Nilipokuwa mwalimu kijana hapa Tanga, katika shule ambayo sitaitaja, niliketi katika kikao ambamo binti mmoja alisimamishwa masomo kwa kosa ambalo niliamini hakulitenda. Nilitazama kulia, nikatazama kushoto, nyuso zote zilikuwa tulivu, nikanyamaza. Miaka kadhaa baadaye, katika mazishi ya mwenzetu mmoja, tukawa watatu tunazungumza, na kila mmoja akakiri kwamba siku ile aliamini kama nilivyoamini mimi, na kwamba alinyamaza kwa sababu aliniona mimi nimenyamaza. Binti yule hakurudi shuleni. Ndiyo maana nikisoma kwamba chomboni wote walikuwa watulivu, siamini kwamba wote waliridhika.

Lakini chombo kina nahodha, na hapo mambo ni mazito kuliko katika kikao cha walimu. Sisi watu wa pwani tunasema manahodha wengi chombo huenda mrama, na maneno hayo ni ya kweli, kwa kuwa tufani haingoji watu wapige kura. Utii wa baharini huokoa roho, na shida huanza pale utii huo unapoazimwa kwa kazi nyingine. Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Yale, Stanley Milgram aliwaalika watu wa kawaida kwa tangazo la gazeti, wakaambiwa kwamba watashiriki utafiti wa kumbukumbu. Kazi yao ilikuwa kumpa mwenzao aliye chumba cha pili mshtuko wa umeme kila alipokosea jibu, kwa kubonyeza swichi 30 zilizopangwa kutoka volti 15 hadi volti 450. Mshtuko haukuwa wa kweli, lakini wao hawakujua. Madaktari wa magonjwa ya akili walioulizwa kabla walikadiria kwamba atakayefika mwisho ni mtu mmoja katika elfu. Katika ripoti ya kwanza, iliyochapishwa mwaka 1963, watu 26 kati ya 40 walifika mwisho, wengi wao wakitetemeka, wakitokwa jasho na kumwomba mtafiti waache, huku wakiendelea kubonyeza.

Wengi huishia hapo, wakasema basi binadamu ni kondoo. Mimi nakataa, na nakuomba nawe ukatae, kwa sababu Milgram hakuishia hapo. Alibadilisha mazingira mara nyingi, na mabadiliko kadhaa yalileta matokeo tofauti kabisa kwa watu wa namna ileile. Mtafiti alipotoka chumbani na kutoa amri kwa simu, waliofika mwisho walishuka wakawa takriban mmoja kati ya watano, na baadhi walidanganya kwamba wanapandisha volti kumbe wanabonyeza ile ya chini kabisa. Mjaribiwa alipopewa kazi ya pembeni tu, mtu mwingine akawa ndiye anayebonyeza, watu 37 kati ya 40 walikaa mpaka mwisho. Na wenzake wawili walipogoma mbele yake, waliofika mwisho walikuwa wanne tu kati ya 40. Hesabu hizi naziona ni muhimu kuliko ile ya kwanza. Zinatuonyesha kwamba mtu yuleyule, mwenye imani na malezi yaleyale, hutenda vingine kulingana na umbali wake na anayeamuru, umbali wake na anayeumia, na kile wanachofanya walio kando yake. Linganisha na mpwa wako: anayeamuru yuko hatua mbili kutoka kwake, hakuna nchi kavu ya kukimbilia, kazi yake si kuurusha mlipuko bali ni kuokota tu, na anayeumia ni mwamba na samaki wachanga walio chini ya maji, wasioweza kupiga kelele. Ni vigumu kubuni mahali pagumu zaidi pa kusema hapana.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulikosea kuhusu utii. Jerry Burger aliporudia sehemu ya jaribio hilo, akachapisha mwaka 2009, aliona kwamba maneno makali kuliko yote ya mtafiti, yale ya kumwambia mtu kwamba hana hiari ila kuendelea, hayakumfanya hata mmoja aendelee. Kilichowavuta watu ni maneno laini ya kwamba utafiti unahitaji waendelee. Sitashangaa nahodha huyo akiwa hajawahi kumfokea mpwa wako hata siku moja. Amri kavu humwamsha mtu akakumbuka kwamba anaamriwa, ilhali maneno ya upole kama "tunakutegemea wewe, maana hakuna apigaye mbizi kama wewe" humfanya aone kwamba anasaidia.

Nako kushawishiwa hakukuja kwa siku moja, hata kama yeye anakumbuka siku moja. Katika jaribio la Jonathan Freedman na Scott Fraser la mwaka 1966, wenye nyumba huko California waliombwa wakubali bango kubwa na baya la kuwahimiza madereva kuwa waangalifu lisimikwe mbele ya nyumba zao. Walioombwa moja kwa moja, asilimia 17 walikubali. Waliokuwa wamekubali kwanza kubandika kibandiko kidogo dirishani, wiki mbili hivi kabla, asilimia 76 walikubali bango. Mtu akishatoa kidogo huanza kujiona kuwa ni mtu wa kutoa. Keti na mpwa wako, umwombe akusimulie hatua zilizotangulia, kwa utaratibu na bila kumkatiza. Nadhani utasikia kwamba kwanza aliombwa abebe tenga asiulize samaki wametoka wapi, kisha aliombwa anyamaze alipoulizwa na watu, kisha akapewa fungu kubwa kuliko kazi aliyoifanya, na kuogelea kuokota kukaja mwisho, wakati kukataa kungekuwa ni kukiri kwamba yote ya nyuma nayo yalikuwa makosa. Akiziona hatua hizo kwa macho yake mwenyewe, atajua siku nyingine asimame kwenye tenga.

Pamoja na hatua hizo alifundishwa lugha. Edwin Sutherland, mtaalamu wa elimu ya uhalifu, alieleza zamani kwamba mwenendo wa kukiuka sheria hufundishwa kama ufundi mwingine wowote, katika watu wa karibu, na kwamba mwanafunzi hupokea mbinu pamoja na sababu za kujitetea. Gresham Sykes na David Matza wakazichambua sababu hizo mwaka 1957: hakuna aliyeumia, wakubwa wanafanya makubwa zaidi, nilifanya kwa ajili ya wenzangu. Hapa kwetu utazisikia kwa Kiswahili safi kabisa. Bahari ni ya Mungu na samaki hawaishi. Meli za nje zinakomba kuliko sisi. Watoto wale nini? Kila moja ina chembe ya ukweli, na ndiyo maana zinafanya kazi. Usizijibu kwa kufoka. Mpeleke siku moja sokoni, akae na akina mama wanaokaanga samaki, wamwonyeshe samaki wa baruti anavyolegea mnofu na kuvunjika mifupa, na wamweleze bei yake inavyoanguka. Nina imani kubwa na somo hilo, kwa kuwa halitoki katika mdomo wa anayemlaumu.

Umri wake nao umo. Margo Gardner na Laurence Steinberg walionyesha mwaka 2005, kwa mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, kwamba vijana hujihatarisha zaidi wenzao wakiwapo kuliko wakiwa peke yao, ilhali kwa watu wa miaka 24 na kuendelea uwepo wa wenzao haukuleta tofauti ya maana. Miaka 19 bado iko upande wa kuyumbishwa.

Pengine utaniambia kwamba hawa niliowataja wote ni Wamarekani, na Tanga si Yale. Ni hoja ya haki. Rod Bond na Peter Smith walikusanya mwaka 1996 tafiti 133 za aina ile ya Asch kutoka nchi 17, wakakuta kwamba katika jamii zinazothamini ukoo na umoja watu hufuata kundi zaidi, wala si kidogo. Kabla yao John Berry, mwaka 1967, aliwalinganisha Watemne wa Sierra Leone, ambao ni wakulima wenye kuvuna pamoja na kugawana ghala, na Wainuiti wanaowinda katika barafu, akakuta Watemne wanalifuata kundi zaidi kwa mbali. Siioni hiyo kuwa aibu. Mahali ambapo watu hulishana, kulisikiliza kundi ni sharti la kuishi. Lakini inatupasa tujue lugha yetu inavyotusukuma. Tumewafundisha watoto kwamba mkataa wengi ni mchawi, na kwamba ukiingia mji wa chongo uvunje lako jicho, kisha tunashangaa walipovunja.

Sasa nije kwenye ushauri wa kumtangaza msikitini. Usifanye hivyo. Wazee wamekusudia heri, na haya kweli ni ngao, lakini haya hulinda kabla ya kosa kuwa jina. Howard Becker alieleza mwaka 1963 jinsi jamii inavyompa mkosaji jina, na jina hilo linavyofunga milango mingine yote mpaka anabaki na walewale wenye jina kama lake. Leo mpwa wako ni kijana aliyekosea, analia mbele ya mjomba wake. Ukimtangaza, kesho atakuwa "mpiga baruti" mbele ya wakwe zake watarajiwa na mbele ya kila mwenye ngalawa, na atakayemkaribisha bila kumtazama jicho la pembeni ni nahodha yuleyule. Imamu ni mtu wa kumwendea faraghani, ninyi wawili.

Kuna kosa jingine dogo ambalo nasikia wema wengi wakilifanya katika mikutano ya vijiji, nalo ni kusema kwa uchungu kwamba siku hizi vijana wote wanapiga baruti. Robert Cialdini na wenzake walipima jambo hili katika hifadhi moja ya Arizona ambako wageni huiba vipande vya miti iliyogeuka mawe. Kibao kilicholalamika kwamba wageni wengi wamechukua vipande kilifuatiwa na wizi wa karibu asilimia 8 ya vipande vilivyotegwa njiani, na kile kilichowaomba tu wageni wasichukue kikafuatiwa na wizi usiofika asilimia 2. Anayelalamika kwamba wote wanafanya hutoa habari mbili kwa pamoja, na kijana huishika ile ya pili: kwamba ndivyo watu wanavyofanya. Sema badala yake yaliyo kweli, kwamba vyombo vingi vinavyotoka pwani ya Tanga kila usiku vinatoka na nyavu, mishipi na madema, na kwamba tangu mwaka 1994 vijiji vya mkoa huu vimewahi kukaa pamoja na serikali vikapanga miamba ya kupumzisha na doria za kuilinda. Kulinda nako ni jambo wanalolifanya watu wa kwetu.

Kumweleza sababu si kumwondolea jukumu. Robo ya wajaribiwa wa Asch hawakuyumba hata mara moja, na wa Milgram 14 kati ya 40 walikataa, kwa hiyo kukataa kulikuwa kunawezekana, naye anajua hivyo kuliko wewe. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa milipuko, na wapo waliopoteza mikono yao. Lazima atoke katika chombo hicho sasa, asingoje siku nzuri. Atoke akiwa nchi kavu na mchana, nawe ukiwa naye, asiahidi kwamba atakataa akiwa ndani, kwa sababu umeshaona ndani kulivyo. Mtafutie kwanza nafasi katika ngalawa ya mtu mwingine, ili siku ya kuondoka awe ana mahali pa kwenda.

Na mtafute yule kijana aliyeinamisha kichwa. Katika jaribio la Asch, kundi lilipokuwa na mtu mmoja tu mwingine aliyesema kweli, kufuata uongo kulishuka mpaka takriban robo ya kiwango cha awali. Si lazima wawe wengi, wala si lazima yule wa pili awe na cheo. Kwa yote niliyokueleza, nadhani kijana huyo naye aliwatazama wenzake siku ile, akamwona mpwa wako ameketi kimya, akadhani ameridhika. Mpaka sasa hakuna hata mmoja wao aliyemwambia mwenzake. Waalike nyumbani wote wawili, jioni, wapikie chai, umwache mpwa wako aanze yeye kusema jinsi alivyojisikia siku ile, wewe ukae pembeni.